Saa Ambayo Gari Halikuzaliwa Nayo

Kiti cha gari cha plastiki kikipigwa na jua la saa saba kina harufu yake. Si mpira, si ngozi, ina utamu fulani kama halua iliyoungulia sufuriani. Juzi mjukuu wangu Zuhura alinifungulia mlango wa gari la kukodi, harufu ile ikanipiga usoni, nikasimama mguu mmoja ndani mmoja nje, nikacheka peke yangu.

"Bibi, kulikoni?"

Nikamwambia, ngoja kwanza mwanangu, niko Bagamoyo, uani kwa baba, ndani ya gari jekundu la Mzee Abdurahmani. Nanyi basi ngojeni kidogo, niwahadithie.

Baba yangu, Fundi Athumani bin Mwinyikondo, alikuwa akitengeneza magari uani kwetu, miaka ile ya mwanzo ya sabini. Mzee Abdurahmani alikuwa mfanyabiashara wa mbata, na ndiye peke yake mjini aliyekuwa na gari la Kimarekani. Alilinunua Dar kwa Mzungu mmoja wa melini aliyekuwa anarudi kwao. Lo! Usukani kushoto, wekundu kama pilipili, mistari miwili myeusi kutoka pua hadi mkia. Likiwashwa Mlingotini, kijiji cha jirani, kuku wa Bagamoyo wanaingia bandani. Lilipoletwa kwetu kurekebishwa breki, sikulala kwa furaha.

Nilikuwa na miaka tisa, na kazi yangu ilikuwa kuuliza. Baba hakuchoka kujibu. "Mwanahawa," aliniambia, "kila kitu cha gari, ama limezaliwa nacho kiwandani, ama limevishwa ukubwani. Cha kuzaliwa nacho hakina kovu. Cha kuvishwa, tazama skrubu zake, bisibisi imezikwaruza." Basi tukawa tunacheza. Kioo cha ubavuni? Kuzaliwa! Eriali? Kuvishwa! Mistari je? Alifungua boneti akanionyesha weusi ulivyopinda ukingoni ukaingia ndani, safi, bila tone kudondoka. Kuzaliwa! Nilipiga kelele mpaka mama akanigombeza kutoka jikoni.

Jumatano Mzee Abdurahmani akaja kulichukua, na mpwa wake Hamza kutoka Dar, kijana wa suruali ya bugaluu inayofagia uwanja. Hamza akakaa kwenye usukani, akatazama huku na huku.

"Mjomba, saa iko wapi?"

"Saa gani?"

"Saa ya mizunguko ya injini. Magari haya yanatoka nayo kiwandani, inakaa hapa mbele ya dereva. Nimeiona bandarini kwenye gari pacha wa hili. Fundi kaing'oa."

Baba akacheka kwanza, akidhani ni mzaha. "Bwana mdogo, gari hili halikuja na saa hiyo. Tazama mwenyewe, hakuna tundu, hakuna waya."

"Fundi anayejua kung'oa anajua na kuziba."

Neno lile likatoka uani kabla ya wenyewe. Ilipofika alasiri Binti Shomari, muuza vitumbua, alikuwa ameshalieneza soko zima: "Lisemwalo lipo, kama halipo laja." Mzee Abdurahmani hakutukana. Alisema kwa upole, na upole ule ndio uliotutisha: "Ijumaa baada ya sala nitasomesha Albadiri." Kwa asiyejua, hicho ni kisomo cha kumwomba Mungu amfichue mwizi, na kwetu tuliamini kinapofusha, kinaua.

Baba akabadilika uso. "Abdurahmani ndugu yangu, nakuomba usisome. Tutafute kwanza."

Mama akaangusha upawa. Mtu mwenye haki aogope kisomo? Nami, wanangu, nilimtazama baba yangu na mikono yake yenye grisi, nikawaza: ameichukua.

Asubuhi ya Ijumaa, gari likiwa bado kwetu, baba aliwaita Mzee Abdurahmani na Hamza. "Tulifungue lote, mtafute wenyewe." Uani kukajaa watu. Wakatoa mazulia, wakafungua milango, hakuna kitu. Kilipong'olewa kiti cha nyuma, Hamza akaruka kama aliyekanyaga nge. Katikati ya springi kulikuwa na karatasi, imekunjwa, imegeuka manjano.

"Hirizi! Mjomba, amelifunga gari letu!"

Watu wakarudi nyuma kama maji. Binti Shomari alibeba beseni lake akakimbia, kitumbua kikaanguka, asirudi kukiokota. Hapo ndipo ujue hofu ilikuwa hofu.

Hakuna aliyeigusa. Lakini kwenye chuo cha Kurani Maalim Juma alitufundisha kwamba maandishi hayaachwi mavumbini, huenda mna jina la Mungu, huokotwa yakawekwa juu. Mkono ukaenda wenyewe.

"Mwanahawa, wacha!" Mama huyo.

Nimeshaifungua. Hamna Kiarabu, hamna nyota. Visanduku tu, vidogo vidogo, vingine vina maandishi ya mashine, vingine vitupu. Na juu namba ndefu. Shule yangu iliishia darasa la pili, lakini namba nilizijua, na namba ile nilishaiona! Nikamtupia baba karatasi, nikakimbilia kioo cha mbele, penye kibati juu ya dashibodi.

"Moja!" nikaita.

"Moja," akajibu baba kutoka kwenye karatasi.

"Tatu!"

"Tatu!"

Ilipofika ya tano watu wote walikuwa wanaitikia kama dua. Zikalingana mpaka ya mwisho.

"Ni cheti chake cha kuzaliwa!" baba akapaza sauti. "Kiwandani wameandika kila walichokitia!"

Wakamkamata Mwalimu Paskali wa shule ya msingi, aliyekuwa anapita na baiskeli, awasomee Kiingereza. Redio, ipo. Breki za diski, zipo. Mistari myeusi, ipo. Kidole chake kikashuka hadi kisanduku cha saa ya mizunguko, kikasimama.

"Kitupu."

"Soma tena," akasema Hamza.

"Kijana, kitupu hakisomwi mara mbili."

Mama ndiye aliyeanza vigelegele. Mzee Abdurahmani akamshika baba mikono miwili, grisi na yote, akasema, "Nisamehe, Athumani." Jioni ile alituendesha hadi Mlingotini na kurudi, nami nikiwa mbele, nikipunga mkono kama mke wa waziri.

Nimeshakuwa na watoto watatu ndipo nilipothubutu kumuuliza baba kwa nini aliogopa Albadiri na hali hakuiba. Akashangaa kwamba nilikuwa sijui. "Ikisomwa dhidi ya asiye na kosa humrudia aliyeisomesha, yeye na nyumba yake. Na mkewe Abdurahmani alikuwa ndani na kichanga cha siku kumi na moja."

Kichanga yule aliitwa Salma. Sasa naye ana wajukuu, na tukikutana hunishika mkono kwa shikamoo. Namwitikia marahaba, tunaulizana hali, tunaagana. Mpaka leo sijamwambia kwamba baba yangu aliogopa kwa ajili yake.