Meno ya Plastiki

Watu humwuliza shangazi yangu, daktari wa matumbo ya watoto, alianzia chuo gani. Mimi najua alianzia jikoni kwa bibi, kijijini Kawetele, mvua ikipiga bati.

Serikali ilikuwa imefungulia biashara, bidhaa za nje zikaanza kuingia. Maduka ya Msasani, mtaa wa mji wetu mdogo, yalining'iniza ndoo na beseni za plastiki zenye rangi kali kuliko maua. Mdogo wangu mchanga aliharisha siku nzima, mama akiwa kwenye kuchuma chai. Shangazi, daktari mpya aliyekuja likizo, alirudi kutoka mjini akamkuta mtoto ana damu mdomoni.

Bibi alieleza kwa utulivu, kama aliyemnyoa tu nywele. Amempeleka kwa fundi wa meno wa kienyeji. Fundi amechokonoa ufizi kwa njiti ya baiskeli, ametoa jino la plastiki linalofanya watoto waharishe. Mengine kesho.

Shangazi alimpakata mtoto, akachungulia ufizi. Mimi nilishika sketi yake.

"Mama, hakuna meno ya plastiki."

"Kwako yangetoka wapi, mwanangu? Wewe ulinywea kibuyu. Huyu ananywea kikombe cha plastiki. Au huko chuoni hawakukwambia kinachoingia ndicho kinachoota?"

Masomo yote yale, na hoja alikuwa nayo mama yake.

Akaliomba jino. Bibi alilifungua kutoka kwenye jani la mgomba: kitu cheupe, kidogo kuliko punje ya mchele. Shangazi alivunja kipande cha mkono wa jagi bovu la plastiki, akaviweka vyote viwili juu ya kaa la moto. Plastiki ikalia, ikayeyuka, ikatiririka majivuni. Kile cheupe kikafuka harufu ya unywele ulioungua, kikawa cheusi, kikabaki.

Bibi aliinama, akakigeuza kwa kijiti.

"Ni mfupa," alisema.

"Wa mjukuu wako, mama."

Hakulia. Alichemsha maji, akamwuliza binti yake chumvi kiasi gani, sukari kiasi gani, akamnywesha mtoto kijiko kwa kijiko. Kesho yake hakuna aliyekwenda kwa fundi.

Mdogo wangu ni baba wa watu sasa. Mahali pa chonge moja pana pengo; jino halikuota tena. Akicheka, shangazi, aliyekwisha kuchungulia vinywa vya watoto wa mkoa mzima, bado hutazama pembeni.