Mkono wa Kaka Amisi

Juzi mjukuu wangu alirudi toka Salamabila, amekaa nyuma ya pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope. Alipokwisha kula akanionyesha telefoni yake. Mutu mmoja alikuwa anakimbia, anazungusha mkono mzima toka begani, anamrushia mpira mdogo mwenzake aliyeshika ubao. Nikasema huyu anarusha kama kaka yangu Amisi. Mjukuu akacheka, akaniambia mchezo huu unaitwa kriketi, na huku kwetu Kabambare hakuna mzee aliyewahi kuujua. Nikamrudishia telefoni yake. Wewe, ndugu yangu, una masikio ya kusikiliza, acha nikueleze wewe.

Tulilelewa na nyanya yetu, upande wa Lusangi, wakati kule bondeni kulikuwa mpunga, siyo mashimo ya dhahabu. Mpunga ukianza kutoa masuke, watoto wote tulihamia shambani kufukuza ndege. Umande wa alfajiri ulikuwa baridi mpaka kwenye mifupa. Tulipanda juu ya dungu, lile jukwaa la miti, tunapiga madebe, tunaimba, tunatupa madongo. Tulikuwa mimi na Kaka Amisi, Zena wa mama Mwamini, Kalume na dada yake Feza. Majina ninayo yote. Wenyewe sijui walilala udongo gani. Mchana tulikula muhogo wa kuchoma na mawese yenye chumvi, vidole vyekundu, na ndege nao wanapata nafasi yao ya kula.

Msimu mmoja kaka alianguka toka kwenye dungu, kiwiko cha mkono wa kuume kikapasuka. Nyanya alikuwa mfunga mifupa, watu walimletea wagonjwa hata toka Kasongo. Alimkanda kwa majani ya moto, akakata fito za mianzi. Halafu akakamata kuku, akamvunja mguu, akamfunga naye vilevile, maana ndiyo desturi: siku kuku atakapokanyaga, mkono wa mutu unafunguliwa. Mimi nilipewa kazi ya kumchunga kuku yule, kicheche asimbebe. Kabla ya kufunga, nyanya alimweleza kaka waziwazi kwamba kiwiko hiki hakitarudi kizima. Ama kitanyooka kisikunjike, ama kitakunjika kisinyooke. Nyanya hakufikiri sana. Akakifunga kimekunjwa. Alikuwa na msemo wake: mkono usiofika kinywani ni mzigo wa mwenyewe.

Kuku alikanyaga, kaka akarudi kwenye dungu. Mkono haukunyooka tena, basi akajifunza kutupa kwa bega, anauzungusha wote kama mutu anayeteka maji mbinguni. Mimi na wenzangu tulimcheka tukamwita Kinu, kama kinu cha kusaga kinavyozunguka. Lakini dongo lake lilikwenda pale alipotaka. Mhindi mmoja mwenye duka Kasongo, aliyekuwa anakuja na kamiyo, lori lake, kununua mpunga wetu, alimwona akiangusha debe toka mbali, akamwambia arudie, akamwambia tena. Safari iliyofuata alileta mpira wa ngozi, mzito kama embe bichi. Mpira wa kaka ulianguka chini mbele yako, kisha ukageuka upande kama nyoka aliyekanyagwa. Mhindi alicheka peke yake kama mtoto. Akamwomba nyanya amwachie kijana, ampeleke Kampala kwa ndugu zake, huko kurusha mpira ni kazi. Nyanya akauliza kama huko hawana watu wa kulima. Kisha akamfungia mchele wa njiani.

Kaka alikaa kule mpaka Wahindi walipofukuzwa Uganda. Akarudi, bega moja limeshuka. Habari zake alinipa kidogo kidogo, tukiwa tunapepeta. Alikuwa mrushaji wa mazoezi tu. Kila alasiri alirusha mpaka jua linazama, wenye kucheza Jumapili wajifunze kwake kuupiga. Siku ya mchezo yeye anakaa nje ya kamba ya uwanja, anawaangalia. Kila mwaka wakamwahidi kwamba naye ataingizwa. Jumapili moja mwenzao aliugua, wakamvika kaka suruali nyeupe, fupi, vifundo vya miguu nje. Akarusha. Mwamuzi akanyoosha mkono: mpira haufai, mkono umepinda, sheria yao inataka unyooke. Akarusha tena, haufai. Kaka akamweleza kwamba alifungwa hivyo, hawezi kuunyoosha, lakini yule alikuwa anatazama kiwiko tu. Wakamtoa. Kesho yake alasiri akarudi kwenye mazoezi, akaendelea miaka yote mpaka milango ilipofungwa.

Nyanya alikuwa bado hai. Kaka alimfuata jikoni, mimi nilikuwa natwanga sombe, majani ya muhogo.

"Nyanya, siku ile ungeunyoosha huu mkono, ingekuwa je?"

"Usingeweza kula."

"Ningekula na wa kushoto."

"Mbele ya watu?" Nyanya akaushika ule mkono. "Sikujua kama iko pahali mutu anaulizwa mkono wake ulifungwa namna gani. Mimi nilitaka ule, papa wangu."

Kaka akatoka nje. Tangu hapo nyanya akiletewa mtoto aliyevunjika alimuuliza kwanza mama yake: huyu atakuja kuwa nani? Nani anajua? Basi akaacha kufunga, akawa anawaambia wampeleke hospitali, huko nako hakuna plasta. Alikufa na kazi yake. Mimi sikurithi kitu, mimi nilijua kuku tu.

Kaka aliwahi kuwafungia watoto mpira wa matambara, awafundishe. Wakaupiga teke. Akaingia kwenye mashimo kuchimba kama wengine, kifua kikammaliza. Bonde ni maji ya matope sasa, ndege hawana cha kuja kuiba. Na ukiniuliza, ndugu yangu, kama Kaka Amisi alikuwa mrushaji mzuri, nitakuambia sijui. Na yeye alikufa hajui. Ile mipira yote aliyorusha, hata mmoja haukuhesabiwa.