Alitumwa Macho, Akaleta Viatu

Mume wangu ni fundi viatu. Nalisema mapema ili msomaji asimtarajie makubwa. Miaka thelathini na moja ameinamia soli za watu kibarazani petu, misumari mdomoni, na ukimsalimu anakutazama miguu kwanza. Anajua ninavyochakaza kisigino cha kushoto kuliko anavyoijua rangi ya macho yangu.

Tangu tuoane tulikuwa tunapanga kwenda kulitembelea jiji. Mwaka huu tukaweka tarehe kabisa, na miezi mitatu kabla ya tarehe yenyewe nikateleza bafuni nikavunjika nyonga. Nililia, sitaficha. Kisha nikamwambia, "Nenda wewe ukanionee. Lile jengo la vioo, ile bustani yenye maji yanayoruka juu yakibadilika rangi, na jumba la makumbusho. Ukirudi unisimulie mpaka na mimi nione." Akaapa.

Hapo ndipo alipoingia Bingwa. Bingwa alisoma na mume wangu darasa moja, yuko jijini mwaka wa ishirini na mbili, na jina hilo alijipa mwenyewe. Akija likizo havui miwani myeusi hata sebuleni. Siku moja aliketi juu ya paka wangu. Siku hiyo ya safari hakupata ruhusa kazini, kwa hiyo alipiga simu kutoa maelekezo, na mume wangu akayaandika yote kwenye kifuniko cha boksi la viatu.

"Sikiliza, ndugu yangu," nilimsikia kwenye spika. "Mjini usiinue kichwa. Ukishatazama maghorofa tu, wameshakujua wa kuja. Usisimame, usiulize njia, usipige picha. Tembea haraka hata kama hujui unakokwenda. Na milango ya mbele ni ya wageni. Sisi wenyeji tunapita nyuma."

Basi mzee akashuka stendi saa moja asubuhi, akainamisha kichwa, akaanza kuchapa mwendo. Saa tatu nzima kiguu na njia. Jengo la vioo alilipita mara tatu, na anajua ni mara tatu kwa sababu chini yake palikuwa na muuza magazeti mwenye sandali iliyokatika mkanda, na kila mara mkono ulimwasha kuishona. Bustanini aliketi akayapa maji mgongo, maana kukodolea maji macho ni ushamba. Alilowa kola. Rangi hakuiona.

Makumbusho alikwenda mlango wa nyuma, kama alivyofundishwa. Mama mmoja mwenye funguo kiunoni akamdaka. "Ndiyo saa ya kufika hii? Wenzako wameshabeba nusu!" Na kwa kuwa alikatazwa kuuliza, mume wangu akabeba viti. Viti vya mkutano, kutoka kwenye lori hadi stoo, mpaka lori likaisha. Wakampa soda, wakamwambia kesho awahi.

Saa tisa alasiri, zikiwa zimebaki saa mbili basi liondoke, akaingiwa na hofu. Alikuwa hajaona kitu hata kimoja, na mimi nilikuwa kitandani nasubiri. Akamfuata Bingwa kazini. Bingwa huyu hutuambia kwamba jengo la vioo lote liko mikononi mwake. Si uongo, ila amelishika kwa chini. Ni karani wa bohari iliyo ardhini chini ya jengo, anahesabu masinki ya choo.

"Nipandishe juu nikamwangalizie mke wangu," mume wangu akamwomba.

"Juu wapi? Mimi mwenyewe juu sijawahi kufika."

"Basi tutoke nje niinue kichwa mara moja tu."

Wakatoka. Mume wangu alikuwa amefika kama ghorofa ya pili kwa macho pale Bingwa alipomvuta shati. "Wee, usiniaibishe! Hapa watu wananijua." Mlinzi wa getini akawasogelea, akamtazama Bingwa kuanzia juu hadi chini. "Na nyie wawili mnamtafuta nani?"

Na mume wangu, kwa kumsitiri rafiki yake, akainamisha kichwa tena.

Alirudi asubuhi ya pili, akavuta kigoda karibu na kitanda, akaanza, "Lile jengo, mke wangu, usipime! Ghorofa arobaini..." Nikamkatiza. "Hiyo ni ya Bingwa, nimeshaisikia. Yako iko wapi?" Akaitazama miguu yangu. Halafu akayatoa yote: sandali, kola, viti, sinki.

Nilimtukana. Nilimtukana mpaka jirani akapunguza redio ili asikie vizuri. "Nimekutuma macho unaniletea viatu! Unaogopa kuonwa na watu usiowajua, wasiokujua, ambao hutakutana nao mpaka kufa kwako! Wangekufanya nini? Wangekucheka? Si wacheke!"

Aliinua kichwa, akatazama nyuma ya mlango.

Nyuma ya mlango kuna kiti cha magurudumu. Hospitali walinipa siku niliyoruhusiwa, na tangu siku hiyo nimekifunika shuka. Mume wangu alikipaka mafuta, akakikaza magurudumu, na kwenye basi alikata tiketi mbili. Jioni ya safari alikisogeza hadi kitandani. Mimi ndiye niliyesema siendi, sisukumwi barabarani kama mkokoteni, watu wananikodolea macho. Nyonga haikunizuia.

Lolote kati ya hayo angeweza kunirudishia, na angekuwa na haki. Badala yake aliniuliza kama nimeshakunywa chai. Nikamwambia bado.