Kiyoyozi cha Chumba cha Mama

Mama alipopata kiharusi nilimtoa kwao Meru, kwenye baridi na mashamba ya chai, nikamleta kwangu Kiambere nilikokuwa nafundisha. Joto la huku lilimlemea. Kiyoyozi cha chumba chake kilikuwa kikuukuu kama nyumba yenyewe, na kila kiangazi kilipoanza kiliharibika.

Mara hii fundi alikifungua, akatikisa kichwa. "Gesi inavuja tena, na kompresa imechoka. Naweza kukitengeneza kiwafikishe hadi mvua, lakini ni afadhali mnunue kipya."

Nilimwambia alete kipya. Nilidhani Mama, aliyekuwa akisikia yote kitandani, angefurahi. Badala yake aliniita.

"Kipya kitakaa miaka mingapi?" aliuliza, ulimi wake bado mzito.

"Kumi, hata zaidi."

"Kumbe sirudi nyumbani."

Sikuwa nimewahi kumwambia hivyo. Siku zote nilisema atarudi akipata nguvu, na kila tulipokarabati kile cha zamani alizidi kuamini. Lakini kule kwao hapakuwa na mtu wa kumwosha wala kumlisha, na daktari alikuwa ameshaniambia hatatembea tena.

"Hapa uko na mimi, Mama," nilisema.

Kesho yake fundi alifunga kipya, chumba kikapoa vizuri. Mama aliomba blanketi, akageuza uso ukutani. Nilikaa kando yake mpaka akapata usingizi, nisijue kama nilikuwa nimemtunza au nimemfungia.