Siku Kwinini Ilipofukizwa Sebuleni

Chekeni mapema mmalize, maana ni mimi huyu, msomi wa kemia ninayejisifu mbele yenu kila siku, niliyesababisha wageni wa posa ya dada yangu wafukizwe dawa ya malaria.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa chuo Nairobi nikichunguza fuwele za kwinini, zile chembe zake zinazong'aa kama chumvi ya mawe: zimejipangaje ndani, na zikipata joto zinafanya nini (mtu wa Garissa asipouliza habari za joto, nani atauliza?). Nilizikuza miezi mitatu, nikapata kumi na mbili safi, na likizo nikazibeba nyumbani, mtaa wa Galbet huko Garissa, kwa sababu baba aliwaambia watu binti yake anasomea mawe, nami nikataka aone ni mawe gani. Ili zisisagike kwenye basi nikazitia katika kikopo kitupu cha uunsi, ule ubani wetu wa sukari na manukato. Hapo ndipo nilipojipalia makaa.

Kesho yake wazee wakaja kutoka Griftu kumposa dada yangu Hodan, na Hodan alimtaka kijana wao kweli kweli, alikuwa jikoni hawezi hata kumeza chai. Kwetu mgeni lazima afukizwe, basi shangazi akaona kikopo dirishani, akafungua, akamimina zote kwenye chetezo cha makaa, akampa baba apeleke sebuleni.

Nilisikia kikohozi kwanza, kisha nikanusa ule moshi mchungu, nikakimbia nikaingia kwa wanaume shungi liko begani, nikakiondoa chetezo chini ya ndevu za mzee mkubwa, na badala ya kuomba radhi (hapa ndipo hadi leo natamani ardhi inimeze) nikapiga magoti kuchungulia majivu, maana fuwele moja ilikuwa imeangukia pembeni, mbali na makaa, ikageuka nyeupe kama chaki bila kuyeyuka, umbo lile lile.

"Ina maji ndani," nikasema. "Maji yanatoka kwanza."

Baba akainamisha macho. Jikoni nikamsikia Hodan analia.

"Binti," mzee akasema, akijifuta machozi, "hii uunsi ni ya kufukuza jini ama ya kufukuza sisi?"

Nikamweleza yote, mpaka kwa nini nataka kujua kama dawa itastahimili joto la huku. Akamgeukia baba.

"Malaria imechukua watoto yangu wawili. Nyumba yenye inasomesha msichana hii dawa, wallahi, hatutoki hapa bila jibu."

Baba akatoa jibu, na Hodan akaolewa.

Nikarudi Nairobi na fuwele moja iliyokufa. Nikakuza nyingine, mwalimu wangu akaipasha kwa mashine yake, na kweli, maji yalitoka kwanza. Akaniuliza nilijua kwa chombo gani, nikamwambia chetezo cha mama, na sijawahi kujivunia kitu kama siku ile. Ila niliapa haitatokea tena, na tangu hapo kila kikopo changu nakichora mbu, maana shangazi hajui kusoma, lakini mbu anamjua.