Siku Nilipokwenda Ukweni Miguu Peku

Nianze kwa kukiri kabisa, maana habari hii wakwe zangu wanaijua, majirani zao wanaijua, na nadhani hata mbuzi wa Msambweni wanaijua: mimi ndiye yule mchumba aliyefanya mtaa mzima ugeuzwe chini juu kwa kutafutwa viatu ambavyo muda wote huo vilikuwa uvunguni mwa kitanda changu, nyumbani Matuga.

Kazi yangu ni kuwatembeza wageni katika vijia vya msitu wa Shimba, kule juu Kwale, mpaka kwenye maporomoko ya maji na kurudi. Siku moja akaja mgeni, mama wa makamo, akavua viatu tangu mwanzo wa njia, akavining'iniza kwenye mkoba, akapanda na kushuka vilima peku, na mimi na mabuti yangu namfuata nyuma nikihema kama punda wa maji. Niliona haya! Kesho yake nami nikavua. Wiki ya kwanza nilitembea kama kuku aliyekanyaga makaa, mwezi wa pili nikazoea, na kufikia mwezi wa sita nyayo zangu zilikuwa ngumu hata mwiba ukinichoma ndio uliolia. Nikawa nakwenda peku sokoni Kombani, peku kwa chifu, peku kwenye masomo ya jioni ya watu wazima (nilimaliza, cheti kipo ukutani, karibuni mkione). Wacheni niseme kweli, niliipenda ardhi. Ukishazoea kukanyaga udongo wa alfajiri ungali na umande, kiatu unakiona kama gereza dogo la ngozi.

Huko masomoni ndiko nilikompata Mwanamisi, fundi cherehani, mwenyeji wa Msambweni, aliyekaa dawati la mbele na kunisahihishia hesabu bila kuombwa. Yeye miguu yangu haikumsumbua. "Mie siolewi na viatu," aliniambia. "Lakini baba yangu ni mtu mwengine."

Na baba yake, Mzee Bakari, jamani, alikuwa nani? Fundi wa makubadhi! Mtu aliyekula, aliyevaa na aliyesomesha watoto kwa kuivisha miguu ya watu ndara za ngozi. Akasema kabla hajawapokea wazee wangu na posa, anataka kumwona huyo kijana kwa macho yake, Jumapili, chakula cha mchana, na wazee wachache wa mtaa watakuwepo. Akiniridhia, wazee waje. Asiponiridhia, basi.

"Siku hiyo tu," Mwanamisi akanisihi, "tafadhali vaa viatu."

"Nitavaa."

Mjomba wangu Salimu, ndiye angefuatana nami, akaniletea viatu vyake vyeusi vya kufunga kamba, amevipiga rangi mpaka ukiviangalia unaweza kunyolea ndevu. Jumapili asubuhi nikajaribu kuvivaa. Wapi! Miguu ilikuwa imetanuka kama mkate wa mofa, vidole vimeachana kila kimoja na maisha yake. Nilisukuma, nilivuta, nilisoma bismillahi, kisigino kikakataa katakata. Ndipo likanijia lile wazo, na naapa wakati ule lilionekana la kisomi: kwetu hakuna mtu anayeingia na viatu ndani ya nyumba. Kila mtu anavua mlangoni. Sasa mwenye viatu na asiye na viatu, wakishakaa mkekani, tofauti yao nini? Nikaazima kanzu ya rafiki yangu mrefu, ikawa inafagia chini, nikavisukuma vile viatu uvunguni, nikaondoka.

Mjomba alikuwa anatokea Ukunda, tukakutana pembeni mwa nyumba ya Mzee Bakari. Hakuona kitu. Pale mlangoni watu walipokuwa wameinama wanavua, na shikamoo na marahaba zinavuka huku na huku, nami nikainama nikapapasa chini ya kanzu kama mtu anayefungua kamba (usanii huo!), nikaingia.

Na mambo yakaenda vizuri, ndiyo masikitiko yenyewe. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, mchicha. Mzee Bakari akaniuliza habari za msitu, nikamweleza, akacheka mara mbili. Nyuma ya pazia nilimwona Mwanamisi akinitolea jicho la furaha. Mzee mmoja jirani, jina lake Kibwana, fundi wa baiskeli, alikula haraka akaaga mapema maana kuna mteja anamsubiri, nami hata sikumtilia maanani. Mpango wangu ulikuwa mmoja tu: nitoke wa mwisho, peke yangu, kimya kimya.

Sasa niambieni, wenzangu, mtu aliyezaliwa pwani, akalelewa pwani, anasahauje kwamba mgeni husindikizwa?

Niliposimama, Mzee Bakari akasimama. Nilipofika mlangoni, yuko nami, na Mjomba, na wazee wote nyuma yake. Na kwa kuwa yeye ni fundi, mtu hamtazami kwanza uso, anamtazama mguu. Wenzangu wakavaa viatu vyao. Mlangoni pakabaki patupu.

"Viatu vyako vi wapi, mwanangu?"

Hapo ndipo. Pumzi moja tu ilitosha. Ningesema, "Baba, nimekuja peku," tungecheka yakaisha. Lakini nilinyamaza, na pumzi ile moja Mzee Bakari akaijaza mwenyewe.

"La haula! Mgeni wangu ameibiwa! Nyumbani kwangu!"

"Haidhuru, baba..."

"Haidhuru vipi? Mchumba wa binti yangu arudi Matuga miguu mitupu, watu waseme kwa Bakari kuna wezi?"

Mjomba naye, kwa mapenzi yake kwangu, akatia petroli. "Wallahi vilikuwa vyeusi, vya kamba! Nimempa mwenyewe!" Akanigeukia. "Si ndivyo?"

Nikaitikia kwa kichwa. Na kweli alinipa, sikusema uongo. (Ndivyo nilivyojiambia. Shetani naye ana cheti chake.)

Ikawa zogo. Wanawake wakatoka jikoni, vijana wakaingia chini ya kitanda cha kamba, banda la kuku likapekuliwa, mbwa wa watu asiye na hatia akafukuzwa mpaka barabarani. Nami nimesimama katikati, natafuta pamoja nao! Naam, niliinama nikachungulia nyuma ya pipa la maji kutafuta viatu ambavyo sikuja navyo. Mwanamisi dirishani alinitazama mara moja tu, akafumba macho. Yeye alikwisha kujua.

Kisha mzee mmoja akasema taratibu, "Aliyetoka mapema ni Kibwana."

Wote wakaacha kupekua.

"Na Kibwana," akasema mwengine, "leo nimemwona na viatu vyeusi. Vya kamba."

Kabla sijameza mate, Kibwana keshaitwa. Akaja na mikono yake ina grisi, hajui lolote, akakuta duara la watu. Mjomba akaitazama miguu yake, akapiga kelele, "Hivi! Hivi hivi!"

"Hivi ni vyangu," akasema Kibwana. "Bakari, tumejuana tangu tukiwa watoto. Mie nimwibie mgeni wako?"

Mzee Bakari hakuweza kumtazama. "Vua tu, ndugu yangu. Kijana avijaribu, tumalize."

Kibwana akainama kufungua kamba. Kiatu cha kwanza kikatoka, na kumbe soksi ina tundu, kidole gumba kimechungulia nje, akakikunja haraka kukificha watu wasikione. Kidole kile, ndugu zangu, ndicho kilichonishinda.

"Usivue, Mzee wangu," nikasema. "Mimi sikuja na viatu."

"Hukuja navyo lini?" akauliza Mjomba.

"Leo. Viko uvunguni kwangu. Vilikataa kuingia, nikadhani... kwa kuwa mlangoni watu wanavua..." Sentensi ikanifia njiani.

Mzee Bakari akapiga goti moja, akanishika kifundo cha mguu kama anayemkagua ng'ombe, akaugeuza unyayo juu, nami nimemshika Mjomba begani nisianguke. Akaugonga kwa kidole. Ukalia ko, ko.

"Huu mguu," akasema, "haujaona kiatu karibu mwaka." Akasimama. Hakuna aliyecheka. "Kuja peku si kosa, marehemu baba yangu alikwenda peku umri wake wote. Lakini umenifanya nimvue jirani yangu viatu mbele za watu. Mimi sina la kusema. Mwenye kusema ni Kibwana. Akikukataa, wazee wako wasijisumbue."

Nikaona mkono wa Mwanamisi pale dirishani ukilishika pazia na kulikunjia ngumi.

Kibwana alinitazama muda ambao kwangu ulikuwa Ramadhani nzima. Kisha akavua na kile cha pili, akaniwekea vyote viwili mbele yangu. "Ulivitaka, si ndiyo? Basi vaa. Unisindikize navyo mpaka kwangu, na mimi niende peku nione huo utamu wako."

Nikavivaa. Msiniulize namna gani. Ngozi ililia, nikalia. Tukaondoka wawili, saa nane ya jua kali, mimi nakwenda kama bata mwenye mimba, yeye anarukaruka mchangani, "Lo! Moto! Lo! Wawezaje wewe?" na mtaa mzima umepanga foleni milangoni unatazama. Kufika kwake tulikuwa tumeshikana mikono tusianguke, na sijui nani alianza kucheka, lakini hatukuweza kuacha. Nikamwomba radhi pale mlangoni kwake, mbele ya mkewe. Akapiga ukelele uliofika kwa Mzee Bakari: "Bakari, waambie wazee wake waje!"

Siku ya nikaha nilikwenda na makubadhi mapya aliyonishonea mkwe wangu mwenyewe, mapana kama kinu, nikayaacha mlangoni kwa fahari. Kutoka, hayapo. Nikasema yameibwa. Nikaapa! Watu walicheka mpaka kadhi akashika mbavu, na Mzee Kibwana akawa anaangalia mawingu.

"Twende tu," akasema Mwanamisi, "kwani wewe mgeni wa mchanga?" Akavua na vyake, akavishika mkononi, tukatoka.

Peku bado nakwenda, sitaacha. Lakini nimeapa: nikiulizwa viatu viko wapi, najibu kabla sijavuta pumzi.