Bakuli Lililonuka Kabati

Castory, fundi wa mabakuli ya mti hapa Kasulu, hasiti kukereza mti wa mninga, lakini kuchagua cha kuupaka kunamsumbua. Krismasi iliyopita alimpelekea mama mkwe wake wa Muyama, Verediana, bakuli lililong'aa kwa vanishi. Ugali wa moto ulipotiwa humo, shemeji yake Longinus alinusa, akauliza, "Shemeji, leo tunakula ugali au kabati?" Tangu hapo bakuli lile hutumika kuwawekea kuku maji.

Mwaka huu Castory alitaka bakuli lake jipya liwekwe mbele ya wageni.

"Paka mawese," mkewe Yusta alimshauri.

"Yatachacha, linuke tena."

"Basi lipeleke kavu, Mama alipake mwenyewe."

Hatimaye alichagua nta ya nyuki kutoka Kibondo. Yusta alimwambia aichemshe kwanza na maji ili asali iliyobaki itoke. Castory alikataa, akisema harufu ya asali ndiyo itakayowasahaulisha watu kabati. Akaiyeyusha hivyohivyo, akalisugua bakuli kwa nta hiyo mpaka likawa nyororo.

Siku ya sikukuu Verediana alifungua khanga iliyofungiwa bakuli, akakuta sisimizi wamejaa.

"Shemeji, umekuja na wageni wako!" Longinus alisema, akicheka.

Castory alinyoosha mkono alichukue. Verediana akalivuta kwake.

"Liache, mkwe wangu. Hawa wamelipenda. Lile la mwaka jana hata kuku walilinusa kwanza."

Akawapangusa sisimizi, akatia ugali, akaliweka mbele ya wageni.